Mashindano ya Kupiga Shabaha huko Wimbledon

Neno likitoka kinywani halirudi. Vivyo hivyo risasi ikitoka katika bunduki hairudi. Kwa hiyo watu wanaotaka kushindana kwa bunduki yawapasa kupanga mambo yote kabla ya risasi ya kwanza. Sikilizeni jinsi Waingereza walivyofanya zamani, wakati wa Malkia Victoria.

Mwaka 1859 Waingereza waliogopa vita. Napoleon III alitawala Ufaransa, nao walidhani kwamba atavusha askari wake baharini. Basi raia wengi, makarani, mafundi na wenye maduka, walijitolea kuilinda nchi yao. Lakini wengi hawakujua kulenga. Mwaka ule ule chama cha wapiga bunduki kilianzishwa. Wakubwa wa chama walijua kwamba mtu hujifunza kwa bidii zaidi akishindana na wenzake. Wakaamua kufanya mashindano kila mwaka.

Kwanza walitafuta mahali. Si kila mahali panafaa, kwa sababu risasi huenda mbali sana. Walichagua uwanda mpana wa Wimbledon, karibu na mji wa London. Nyuma ya shabaha waliinua vilima vya udongo, ili risasi zizame humo zisiwadhuru watu.

Shabaha zenyewe zilikuwa bamba za chuma zilizopakwa rangi. Mpigaji alikuwa mbali, hakuweza kuona vizuri risasi yake imepiga wapi. Kwa hiyo karibu na shabaha waliweka kibanda cha chuma kisichopenywa na risasi. Ndani yake alikaa mwangalizi. Yeye alitazama alama ya risasi, kisha akaonyesha kwa ishara kama mtu amepiga katikati, au pembeni, au amekosa kabisa. Karani, aliyekuwa karibu na mpigaji, akaandika hesabu.

Bamba likijaa alama, mwangalizi alipaswa kutoka kulipaka rangi upya. Je, alilindwa na nini huko nje? Bendera nyekundu tu! Bendera hiyo ikionekana, maana yake: Acheni, mtu yuko mbele! Hapo hakuna aliyeruhusiwa kupiga, awe bwana mkubwa au karani mdogo, hata kama amekwisha kulenga.

Angalieni basi. Mpigaji alimwachia mwangalizi hesabu yake yote. Mwangalizi akisema uongo, mshindi wa kweli atapoteza zawadi yake. Naye mwangalizi aliwaachia wapigaji uhai wake. Mmoja wao asipotii, mtu atakufa. Mashindano yote yalisimama juu ya mambo haya mawili: ukweli na utii.

Tena ziliwekwa sheria, ili wote wawe sawa. Katika shindano lile lile kila mtu alipiga toka umbali ule ule, na idadi ile ile ya risasi. Bunduki zilikaguliwa. Kile chuma kinachovutwa na kidole kilipimwa kwa uzito, kisiwe chepesi mno. Bunduki inayolia kwa kuguswa kidogo tu ni hatari kwa watu wote.

Tarehe 2 ya mwezi wa saba, mwaka 1860, mashindano yalifunguliwa. Malkia mwenyewe alipiga risasi ya kwanza. Fundi Joseph Whitworth alikuwa amekwisha kuifunga bunduki imara juu ya kiti cha chuma, na kuielekeza kwenye shabaha, umbali wa meta 365 hivi. Malkia akavuta kamba ya hariri. Risasi ikapiga karibu kabisa na katikati! Watu wakashangilia. Lakini ninyi mwaona kwamba sifa ile ilikuwa hasa ya fundi, aliyetengeneza mapema.

Malkia alitoa pauni 250 kuwa zawadi ya mshindi. Kwanza walipiga toka karibu meta 270 mpaka 550. Walio hodari wakaendelea kupiga toka mbali zaidi, karibu meta 730 mpaka 910. Umbali huo ni mkubwa: mtu aonekana kama kijiti, na upepo huivuta risasi kando. Mshindi alikuwa kijana Edward Ross. Alipata fedha zile na nishani ya dhahabu.

Miaka ikapita. Nyumba ziliongezeka karibu na Wimbledon, na hatari ikaongezeka. Kwa hiyo mwaka 1890 chama kilihamia Bisley, mahali penye nafasi zaidi. Walengaji hushindana huko hata leo. Waangalizi hukaa ndani ya handaki refu, salama, nao hupandisha na kushusha shabaha juu ya vichwa vyao.

Watu husifu jicho la mlengaji. Ni haki. Lakini msisahau yule aliyepima uwanja, aliyeinua udongo, aliyeandika hesabu, na aliyetweka bendera nyekundu. Bila hao, hakuna mashindano. Kuna msiba tu.

Maulizo
1. Kwa nini raia wa Uingereza walijifunza kulenga mwaka 1859?
2. Vilima vya udongo vilikuwa na kazi gani?
3. Bendera nyekundu ilimlinda nani? Namna gani?
4. Eleza kwa nini mwangalizi alipaswa kusema kweli.
5. Kwa nini chama kilihama Wimbledon?