Nafaka ya Kiritiri: gunia, dawa au mfuko usiopitisha hewa?

Februari, mavuno ya mvua za Oktoba yakishaanikwa, kila nyumba ya Kiritiri ina hesabu ya kupiga. Huku Mbeere Kusini mvua ikikosa msimu mmoja, familia hula kilichohifadhiwa.

Gunia la kawaida ndilo rahisi, ila halimzuii mdudu. Fukusi huanzia shambani kwenye kunde na ndengu. Mahindi yana Osama, kama anavyoitwa dumuzi mkubwa aliyetoka Amerika ya Kati akaonekana Taveta mwaka 1983.

Dawa ya unga haina gharama kubwa: gramu 50 kwa gunia la kilo 90. Lakini isipochanganywa sawasawa huacha mianya, nguvu yake hupungua miezi ikipita, na mahindi hayo utayala wewe na watoto.

Mfuko usiopitisha hewa una plastiki mbili ndani ya gunia, kila moja ikifungwa peke yake. Wadudu humaliza oksijeni iliyobaki, wakaacha kula, wakafa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, waliubuni kwa ajili ya kunde za Kameruni. Tuseme unauzwa shilingi 250. Ndengu zikiwa shilingi 100 kwa kilo, ukiokoa kilo mbili na nusu tu umerudisha pesa yako. Mahindi ya shilingi 40 yanadai kilo sita na robo. Plastiki isipotoboka, msimu wa pili mfuko ni wa bure. Ajabu ni kwamba ndengu, zinazoulipa upesi, ndizo hukimbizwa kwenye mizani ya dalali wiki ya mavuno, bei ikiwa chini.

Mimi ningenunua mifuko ya ndengu za kusubiri bei na mahindi ya kula baada ya miezi mitatu. Ya kuuza mwezi huu, gunia la kawaida latosha.

Ila mfuko haukaushi kitu. Mahindi mabichi yakifungiwa humo huota kuvu, na sumukuvu iliua watu 125 nchini mwaka 2004, wengi wao Ukambani, ng'ambo ya Mto Tana. Kujua kama yamekauka, tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, subiri dakika 15. Chumvi ikinata kwenye chupa, rudisha mahindi juani. Ukishafunga, weka mfuko juu ya mbao, mbali na ukuta: panya hajali bei uliyolipa.