Leseni moja, matoleo mawili yasiyochanganyika

Leseni mbili za programu huria hupatana pale msimbo ulio chini ya moja unapoweza kuunganishwa na msimbo wa nyingine, kisha programu inayopatikana ikasambazwa bila kuvunja sharti la upande wowote. Wengi hudhani kwamba matoleo ya leseni moja hayawezi kukosa kupatana. Kwa GPL, leseni ya mradi wa GNU ambayo Linux nayo hutumia, dhana hiyo si sahihi. Toleo la 2 la mwaka 1991 na toleo la 3 la mwaka 2007, kila moja likisimama peke yake, hayachanganyiki.

Kikwazo kinatoka katika ukali uleule unaoipa GPL nguvu yake. Kila toleo linadai kwamba programu nzima inayojengwa juu ya msimbo wake isambazwe chini ya toleo hilohilo, na linamkataza msambazaji kuongeza masharti yake. Toleo la 3 lilileta mambo mapya. Anayeuza kifaa cha matumizi ya nyumbani chenye programu ya toleo hilo lazima ampe mnunuzi maelezo na funguo za kuweka humo programu aliyoirekebisha mwenyewe. Sharti hilo lilichochewa na mashine za TiVo za kurekodi vipindi vya televisheni, ambazo ziliendeshwa na Linux lakini zikakataa programu iliyofanyiwa marekebisho na mtumiaji. Wachangiaji nao hutoa idhini ya wazi ya kutumia hataza zao. Mambo hayo ni mema, lakini kwa toleo la 2 ni nyongeza zilizopigwa marufuku.

Mlango wa kutokea huachwa na mwandishi wa programu mwenyewe, anapotangaza kwamba anatumia toleo la 2 au, kwa hiari ya mpokeaji, toleo lolote la baadaye. Samba, inayowezesha kompyuta za aina ya Unix kushirikiana mafaili na Windows, ilikuwa na maneno hayo, hivyo mwaka 2007 ikahamia toleo la 3. Kiini cha Linux hakina. Mwaka 2000 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alieleza bayana kwamba toleo la 2 pekee ndilo linalokihusu, isipokuwa pale faili fulani linaposema vinginevyo. Tangu Samba ihamie toleo la 3, msimbo wake mpya hauwezi kuhamishiwa ndani ya kiini, japo kiini nacho kina sehemu inayoshughulikia itifaki hiyohiyo ya kushirikiana mafaili. Kubadili msimamo sasa ni karibu muhali: hakimiliki imetawanyika kwa maelfu ya wachangiaji, na idhini ya kila mmoja ingehitajika.

Hasara inaonekana wazi zaidi katika programu za uchoraji wa kihandisi. Mradi wa GNU ulitengeneza LibreDWG, maktaba ya kusoma mafaili ya DWG yanayotumiwa na AutoCAD, chini ya toleo la 3 na yanayofuata. LibreCAD, programu ya uchoraji iliyorithi msimbo wenye toleo la 2 pekee, haikuweza kuitumia. Watengenezaji wake walilazimika kuandika maktaba yao, libdxfrw. Kazi ngumu ya kufumbua muundo uliofichwa ikafanywa mara mbili, na watu ambao wote walitaka programu huru.

Mgongano huu unahusu msimbo uliounganishwa kuwa programu moja. Programu mbili zinazojitegemea zinaweza kukaa pamoja kwenye diski ileile, na ndiyo maana Debian, mkusanyiko wa programu huria, husambaza zote. Leseni ya Apache 2.0 ya mwaka 2004 inaonyesha upande mwingine: msimbo wake huruhusiwa kuingia katika programu ya GPL 3, si kinyume chake, na kwa GPL 2 pekee hauingii kabisa.

Anayesita kuikabidhi Free Software Foundation, mchapishaji wa GPL, uamuzi wa kesho ana hoja, kwa kuwa hakuna anayejua toleo lijalo litasema nini. Lakini kufunga mlango kabisa ni gharama kubwa mno. Kifungu cha 14 cha toleo la 3 kinaruhusu mradi kumtaja mwakilishi atakayeamua kama toleo jipya litakubaliwa, na mradi wa KDE umeikabidhi jumuiya yake, KDE e.V., jukumu hilo. Kwa upande wa utambuzi, orodha ya SPDX ya majina sanifu ya leseni hutofautisha tangu mwishoni mwa 2017 kati ya GPL-2.0-only na GPL-2.0-or-later, alama fupi zinazoandikwa juu ya kila faili ili msomaji ajue mara moja kama mlango uko wazi.