Je, Wajua Gari Linaweza Kutembea Kama Kaa?

Ukipeleka gari kufanyiwa alaimenti, tazama spana ya fundi inakokwenda. Mara nyingi ataingia chini ya mbele, azungushe tairodi ya kulia na ya kushoto mpaka namba za skrini zitoke nyekundu ziwe kijani, kisha akupe ufunguo wako. Ukimwuliza mbona za nyuma bado nyekundu, atakujibu bila wasiwasi kwamba nyuma hakuna pa kugusa. Na kwa magari mengi hadanganyi. Vitz, kwa mfano, magurudumu yake ya nyuma yamefungwa kwenye boriti moja ya chuma iliyotoka kiwandani na pembe zake. Anayetaka kuzirekebisha huchomeka vipande vyembamba vya chuma, upande mmoja vinene kidogo kuliko wa pili, kati ya kitovu cha gurudumu na ile boriti.

Kumbe nyuma ndiko kunakoamua gari lielekee wapi. Dereva anageuza ya mbele, sawa, lakini magurudumu ya nyuma yakitazama kulia hata kidogo, mwili mzima wa gari utakaa mshazari na usukani utashikwa umepinda ndipo uende moja kwa moja. Huenda umewahi kufuata pikapu barabara kuu ukaona nyuma yake na ubavu wake kwa pamoja. Hiyo inatembea kama kaa.

Pembe zenyewe ni mbili. Mafundi huiita ya kwanza kemba: gurudumu kulala, kichwa chake kikiingia ndani au kutoka nje. Ya pili ni tou: gurudumu kutazama ndani au nje, kama mtu anayetembea vidole vya miguu vikielekeana. Kemba huonekana kwa macho. Tou hujificha, na ndiyo mlaji mkubwa wa tairi. Piga hesabu: gurudumu lililopinda nusu digrii tu huburuzwa kwa ubavu karibu mita 9 katika kila kilomita. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, kilomita 190 hivi, tairi hilo limesuguliwa kwenye lami kwa zaidi ya kilomita moja na nusu.

Wanaoijua vizuri shida hii ni wapenzi wa BMW E30, lile gari la kona kona lililoanza kuuzwa mwaka 1982 na ambalo vijana wa vitongoji vya Afrika Kusini walilibatiza Gusheshe. Kila gurudumu lake la nyuma linashikwa na mkono mmoja mnene, na mkono huo umefungwa kwa bushi mbili kwenye fremu ndogo inayobeba difu. Ukitazama kutoka juu, mstari unaopita kwenye bushi hizo haukati gari sawasawa. Umekwenda mshazari, digrii 15. Chukua mlango, bawaba zake uzifunge kwa mshazari namna hiyo, halafu uufungue: hauendi pembeni tu, unalala pia. Gurudumu la E30 hufanya vivyo hivyo kila linapopanda kwenye tuta. Kichwa chake huingia ndani, na uso wake nao hugeukia ndani kidogo. Gari likiwa kwenye kimo chake cha kiwandani hakuna ubaya, na kwenye kona kulala huko kunasaidia tairi kushika barabara.

Lakini nani ana Gusheshe akaiacha na kimo cha kiwandani? Springi hukatwa au huwekwa fupi, gari likashuka, na kwa gurudumu hiyo ni sawa na kukaa juu ya tuta siku zote. Kemba ya digrii 3 na zaidi si ajabu. Uzito unaegemea ukingo wa ndani wa tairi, tou inausugua, na mwenye gari anashtukia nyuzi za tairi zimetokeza upande ambao hakuwahi kuinama kuutazama. Kiwanda hakikumwachia boliti ya kurekebisha.

Basi wanaitengeneza. Fremu ndogo hushushwa, na matundu ya duara yanayopitisha boliti za mkono hukatwa yawe marefu: moja kwenda juu na chini, jingine mbele na nyuma. Kisha huchomelewa vibao vyenye kingo mbili, na kati ya kingo hizo inakaa washa ya duara ambayo tundu lake haliko katikati. Hiyo washa ndiyo siri yote. Ukiizungusha, inasukuma ukingo, boliti inahama milimita chache, na mkono mzima unafuata. Tundu la juu na chini linanyoosha kemba; la mbele na nyuma linanyoosha tou. Haziachani kabisa, ukigusa hii ile nayo inasogea, kwa hiyo fundi huzunguka gari mara kadhaa.

Kazi ya kuchomelea hapa si ya kujifunzia. Fremu ikipindwa na moto, umehamisha kosa kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Baya zaidi ni kupitiliza, magurudumu ya nyuma yakatazama nje. Kwenye kona uzito huliendea gurudumu la nje, nalo likivuta kuelekea nje, mkia unatoka na gari linageuka kuliko ulivyoliomba. Ndiyo maana nyuma huachiwa tou ya kuingia ndani kidogo, na wanaojali hupima wakiwa wameweka mfuko wa mchanga kwenye kiti cha dereva, wenye uzito wake.

Nati zikishakazwa, fundi mzuri huchora mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye washa mpaka kwenye kibao. Wiki moja baadaye anaingia chini na tochi. Mstari ukiwa umekatika, boliti imehama.