Usimpandishe Mtu Juu Bila Sababu: Usalama Wakati wa Kuvuna Parachichi



Leo mbolea na wadudu tuviweke pembeni kwanza. Nataka tuongee jambo ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kuliongea.

Msimu uliopita, huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, nilipigiwa simu saa nne asubuhi na mkulima mmoja kijana mwenye ekari tatu za Hass. Kibarua wake alikuwa ameanguka. Nilipofika sikukuta mti mrefu wa kutisha. Nilikuta ngazi ya miti iliyopigiliwa misumari, kidato kimoja kimechomoka, na parachichi zimetapakaa chini. Kijana wa watu alianguka kama mita 3 tu. Nyonga ikavunjika. Mpaka leo anatembelea magongo, na ana watoto wawili wanaomtegemea.

Shamba lile nilikuwa nimeshalitembelea mara nne. Nilikagua majani, nikachukua sampuli ya udongo, nikafundisha na kupogoa. Ile ngazi nilikuwa naiona kila nikienda, imeegemezwa bandani. Sikusema neno. Ndiyo maana leo nasema.

Mita 3 si kidogo

Wengi tunaogopa mti wa mita 10 na kudharau ngazi ya mita 3. Sasa tufanye hesabu. Mtu akianguka kutoka mita 3 anafika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 28 kwa saa. Kutoka mita 5 ni karibu kilomita 36 kwa saa, yaani kama bodaboda iliyo kwenye mwendo. Na muda wote huo wa kuanguka ni sekunde moja au pungufu. Hakuna nafasi ya kujishika wala kujipanga utue vipi.

Kwa hiyo kazi ya kuzuia ajali inafanyika kabla mtu hajapanda. Na kubwa zaidi, inafanywa na mwenye shamba, siyo kibarua. Wewe ndiye unayeamua mti uwe na urefu gani, ngazi iwe ya aina gani, na mtu alipwe kwa mtindo gani. Twende moja moja.

1. Fupisha mti, watu wavune wakiwa chini

Parachichi ikiachwa bila kupogolewa inapita mita 10 bila shida. Ukiisimamia vizuri unaweza kuiweka kwenye mita 4 hadi 5. Mtu aliyesimama chini na kichumio cha mita 3, ukijumlisha na mikono yake, anafika karibu mita 5. Maana yake karibu mzigo wote unavunwa bila mtu kupanda popote.

Miti michanga anza mapema kukata kilele ili itanuke pembeni. Kwa miti iliyokwisha kurefuka, usikate yote kwa mkupuo. Ukifanya hivyo mti utatoa machipukizi mengi na matunda utayasikia kwa jirani. Baada ya mavuno, toa tawi moja au mawili makubwa yaliyosimama wima, mwaka unaofuata endelea na mengine. Matawi yaliyobaki wazi yapake rangi nyeupe ya maji iliyozimuliwa, yasiungue na jua.

Na hapa faida siyo usalama peke yake. Tunda linalovunwa na mtu anayening'inia huku akiogopa linavutwa, linaanguka, linachubuka. Mnunuzi wa soko la nje analitupa pembeni. Mti mfupi unakupa tunda lililokatwa vizuri, kikonyo kikiwa mahali pake.

Angalizo moja: vichumio virefu, hasa vya aluminiamu, visitumike karibu na nyaya za umeme. Hata mwanzi mbichi au uliolowa unapitisha umeme. Kabla ya msimu zunguka shamba, angalia nyaya zinapita wapi.

2. Usikubali mtu apande kwenye matawi

Jamani, mparachichi siyo mwembe. Tawi lake linaonekana nene lakini linakatika ghafla, halikupi taarifa. Watu wanaokulia kwenye maembe wanadanganyika hapo. Kwenye shamba lako iwe sheria: mguu haukanyagi tawi.

3. Ngazi: kagua, simamisha, funga

Kwa kazi ya shambani, ngazi ya miguu mitatu ndiyo bora. Haiegemei tawi, inajisimamia. Ngazi ya kuegemeza ina tatizo lake: unapovuna, tawi linapungua uzito, linainuka na kucheza, ngazi nayo inahama. Kwenye mteremko, na huku kwetu mashamba mengi ni mteremko, ule mguu wa tatu uelekee upande wa juu wa kilima, mpandaji naye atazame juu ya kilima.

Ngazi ya kuegemeza ifaa zaidi kwenye tenki na banda. Ukiitumia, fuata kipimo cha nne kwa moja: ikigusa juu kwenye mita 4, mguu wake ukae mita 1 kutoka ukutani. Ikiwa wima zaidi utaanguka kinyumenyume. Ikilala zaidi itateleza. Ifunge juu kwa kamba, na mpaka ifungwe awepo mtu wa kuishika chini.

Kila asubuhi kabla ya kazi, angalia:

- Kidato kilicholegea, kilichopasuka au kinachozunguka.
- Mchwa na kuoza, hasa sehemu inayogusa ardhi.
- Vidato vinavyoshikiliwa na msumari peke yake. Kidato kikae ndani ya mkato kwenye mti wa ngazi, kisha kifungwe kwa bolti au waya imara.
- Rangi. Ngazi ya mbao usiipake rangi, inaficha nyufa.

Ngazi mbovu usiiweke pembeni "tutaitengeneza kesho". Ikate iwe kuni leo hii. Ukiiacha, kuna mtu ataichukua.

4. Kwa anayepanda

- Awe na sehemu tatu zinazoshika ngazi muda wote wa kupanda na kushuka: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja. Ndoo mkononi hapana. Tumia mfuko wa kuvunia unaopita begani, usiozunguka shingo.
- Mfuko usijazwe hadi juu. Kilo 10 zinazoning'inia upande mmoja zinamvuta mtu.
- Kitovu kibaki katikati ya miti miwili ya ngazi. Tunda likiwa mbali, shuka uhamishe ngazi. Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwenye lile tunda moja la mwisho.
- Asisimame kwenye vidato viwili vya juu vya ngazi ya miguu mitatu, wala vitatu vya juu vya ngazi ya kuegemeza.
- Viatu vilivyofungwa, vyenye soli ya kushika. Ndala na kandambili zibaki nyumbani.
- Asubuhi za Juni na Julai zenye ukungu na umande, subirini ngazi ikauke. Saa moja ya kusubiri haikufilisi.
- Aliyekunywa, anayesikia kizunguzungu au aliye chini ya miaka 18 hapandi. Hakuna mjadala.

5. Angalia unavyolipa

Hili wengi hamlifikirii. Unapolipa kwa kreti, unamwambia mtu akimbie. Kukimbia chini siyo mbaya sana, lakini kukimbia kwenye ngazi ni hatari. Yule kijana aliyevunjika nyonga aliniambia mwenyewe kwamba kidato alikisikia kikicheza tangu asubuhi. Alikuwa anawahi kreti ya kumi.

Ushauri wangu: wanaovuna chini walipe kwa kreti kama kawaida. Wale wachache wa kwenye ngazi walipe kwa siku, na iwe pesa nzuri. Halafu wape ruhusa ya kweli ya kusema "hii ngazi sipandi" bila kupoteza kibarua. Ile ruhusa haigharimu kitu, na ndiyo ingemwokoa yule kijana.

6. Na kwenye tenki na banda je?

Kanuni ni ileile: anza kwa kujiuliza kama kuna ulazima wa kupanda. Kipimo cha kuonyesha kiwango cha maji kilichowekwa nje ya tenki kinamaliza safari nyingi za kwenda kuchungulia. Kwenye paa la banda la kuku, usikanyage zile bati za plastiki za kuingiza mwanga. Jua linazichakaza, zinapasuka kama biskuti. Weka ubao mrefu unaokaa juu ya mbao za paa, upite humo.

7. Mtu akianguka

Hapa ndipo tunapoharibu zaidi kwa nia njema. Tunamwinua, tunamkalisha, tunampa maji, kisha tunampakia kwenye bodaboda katikati ya watu wawili. Kama uti wa mgongo umeumia, safari hiyo inaweza kumpooza moja kwa moja.

Fanya hivi:

- Mwache alipolala, isipokuwa kama mahali penyewe ni hatari. Mtu mmoja amshikie kichwa na shingo visitikisike.
- Damu ikitoka, bana kwa kitambaa safi.
- Usimpe chakula wala kinywaji.
- Mfunike apate joto, ongea naye.
- Piga simu kituo cha afya. Zimamoto na Uokoaji wanapatikana kwa 114. Kama lazima mumhamishe wenyewe, tumieni ubao mpana au mlango, watu wanne au zaidi, mumwinue kwa pamoja akiwa amenyooka, aende kwa gari.

Namba ya kituo cha afya na ya mwenye gari wa jirani ziandikwe ukutani bandani kabla ya siku ya kwanza ya mavuno. Siku ya ajali akili inakimbia, simu haina chaji.

Jambo la mwisho. Ukiajiri watu Tanzania Bara, wewe ni mwajiri kama waajiri wengine. Upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Mchango unatoka kwa mwajiri, haukatwi kwenye ujira wa mfanyakazi. Nenda ofisini kwao uulize utaratibu wa watu wako ukoje. Yule mkulima wangu hakuwa amejisajili. Gharama za hospitali alizilipa kwa kuuza ng'ombe wawili, na bado kijana hajarudi kazini.

Kazi ya nyumbani kwa wiki hii ni ndogo tu: nenda bandani, itoe ngazi yako nje kwenye mwanga, ikague kidato kwa kidato. Ukiona usingemruhusu mwanao aipande, basi na kibarua asiipande.

Kazi njema, na mavuno mema.