Fundi Asiye na Karatasi

Kabla jua halijachomoza, njia zitokazo Kibera kwenda Eneo la Viwanda hujaa watu waendao kwa miguu. Watu wa Kawangware nao hushika njia ya Lavington na Kileleshwa: mwashi na mwiko wake, mpishi, mtunza bustani, mama aendaye kufua nguo za watu. Ukiwauliza ni nini kinachowazuia kupanda daraja kazini, wengi watakujibu kwamba hawana mtu wa kuwashika mkono, au kwamba vyeo hutolewa kwa ukabila na kwa hongo. Majibu hayo yana kweli ndani yake, wala haifai kuyafunika. Lakini liko zuio jingine lisilosemwa sana, nalo ni karatasi.

Tumtazame fundi wa mjengo aliyefanya kazi miaka kumi na mitano. Maghorofa aliyoyainua anaweza kukuonyesha kwa kidole akiwa amesimama barabarani. Siku kontrakta mpya anapotafuta nyapara, humwuliza fundi huyu maswali mawili tu: cheti chako kiko wapi, na ulifanya kazi kwa nani? La kwanza hana jibu. La pili anataja majina ya watu ambao simu zao hazishikwi tena. Basi unyapara huenda kwa kijana aliyetoka chuoni juzi, na fundi wetu hurudi kuchanganya saruji chini ya mtu ambaye yeye mwenyewe humfundisha jinsi ya kushika timazi. Mimi simlaumu kontrakta kwa yote. Yeye hawezi kusoma miaka kumi na mitano katika viganja vya mtu asiyemjua.

Ajabu ni kwamba zamani katika nchi hii taabu ya mfanyakazi ilikuwa kinyume cha hiyo. Karatasi ilimzidi. Sheria ya kuandikisha Waafrika ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka kumi na sita alipaswa kuchukua kipande. Kiliwekwa ndani ya kijaluba cha bati na kuvaliwa shingoni. Ndani yake mlikuwa na alama za vidole, jina la bwana wa kazi, siku ya kuanza, siku ya kuachishwa, na mshahara. Neno hilo la mwisho ndilo lililouma. Mtu aliyelipwa kidogo hapa, akienda pale kuomba zaidi, bwana mpya alikifungua kipande, akaona hesabu ya zamani, akampa iyo hiyo. Tena bila kutiwa sahihi ya kuachiliwa, hakuweza kuhama kazi kwa halali. Kipande kilikuwa miongoni mwa mambo aliyoyapinga Harry Thuku mwaka 1921, na mwaka uliofuata akakamatwa. Kilidumu hata mwaka 1947, ilipotungwa sheria ya kuandikisha watu wa rangi zote.

Wala si kwamba aliyekuwa na karatasi nzuri alipona. Katika utumishi wa serikali tume ya Holmes, iliyotoa taarifa yake mwaka 1948, iliiacha desturi ya kumlipa Mwafrika sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu kwa kazi ile ile. Desturi hiyo haikukataliwa mpaka ilipokuja tume ya Lidbury, mwaka 1954. Tom Mboya alisomea kazi ya ukaguzi wa afya katika Jeanes School, Kabete, akaajiriwa na Halmashauri ya Jiji la Nairobi, na huko akakuta wakaguzi wa Kizungu wakilipwa zaidi yake. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba siku moja alikuwa ofisini, akaingia bibi wa Kizungu, akatazama huku na huku, akauliza kama hapana mtu. Karatasi Mboya alikuwa nayo. Ndipo akageukia kuunda chama cha wafanyakazi wa halmashauri, na mwaka 1962 akawa Waziri wa Kazi.

Kibera nayo ina habari yake katika jambo hili. Wanubi, ambao babu zao walikuwa askari wa King's African Rifles na wakapewa kukaa katika msitu huo tangu mwaka 1904, waliona taabu kwa miaka mingi kupata kitambulisho cha taifa. Kijana wa jirani alikwenda ofisini na kuandikishwa. Kijana wa Kinubi aliambiwa asubiri kuhojiwa na wazee na kuleta hati za babu yake. Na pasipo kitambulisho hakuna kazi ya mkataba, hakuna akaunti ya benki, hata lango la kiwanda hulipiti. Mwezi wa Machi mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya imevunja haki za watoto wa Kinubi kwa jambo hilo.

Sasa tuje kwenye sheria ya leo, maana wengi hawaijui. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 9, yasema kwamba kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iandikiwe mkataba, na mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kuuandikisha. Ikiwa hakuandika na shauri likafika mahakamani, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi humwangukia yeye. Kifungu cha 37 chamhusu kibarua: akifanya kazi siku zifuatanazo ambazo jumla yake yatimia mwezi mmoja, hahesabiwi tena kuwa kibarua wa siku, bali mtu wa mwezi. Waajiri wengine wakijua hivyo humwambia mtu apumzike siku chache kabla mwezi haujatimia, kisha humwita tena kama mgeni. Kwa sababu hiyo yafaa kibarua aweke daftari dogo la siku zake, na asifute ujumbe wa malipo katika simu.

Kisha kiko kifungu cha 51, cheti cha utumishi. Aliyefanya kazi majuma manne mfululizo au zaidi, akiondoka kwa sababu yo yote, sharti apewe. Huandikwa jina na anwani ya mwajiri, jina lake, siku aliyoanza na siku aliyoacha, aina ya kazi na mahali pake. Mshahara haumo katika orodha hiyo, na aliyesoma habari ya kipande atajua uzito wa jambo hilo. Mwajiri halazimiki kumsifu mtu, lakini akikataa kutoa cheti anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Mpishi na yaya wa Lavington wana haki hiyo sawasawa na karani wa benki. Nimeona wengi wakiondoka na zawadi ya nguo kuukuu na kushukuru sana, bila kuomba mistari mitano ya maandishi. Tena cheti huombwa siku ya kuagana, kabla mwajiri hajahama nchi.

Kwa fundi wetu wa kwanza iko njia nyingine. Mamlaka ya Mafunzo ya Viwandani, ambayo makao yake yako Commercial Street katika Eneo la Viwanda, husimamia mitihani ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza. Waashi, maseremala, mafundi umeme na washonaji hufanyiwa mtihani wa mikono, na aliyejifunza kwa jua kali aweza kuingia pasipo kupita chuoni. Ada yake ni mzigo kwa mtu wa kipato cha siku, na siku ya mtihani ni siku isiyo na ujira, hayo tusiyapuuze. Lakini amri za mishahara ya chini hutenga mafungu yake: mwaka 2022 mfanyakazi wa kawaida wa Nairobi aliwekewa shilingi 15,201 kwa mwezi, na juu yake yakawekwa fungu la fundi asiyepimwa, kisha la daraja la tatu, la pili, na la kwanza.