Kanada: Mashini iliyozaliwa kwa kukosa barabara, leo inabebwa juu ya kamioneti

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa kumi na mbili hadi mwezi wa tatu, wasafiri kwenye barabara kuu za Quebec, Ontario, Minnesota na Maine wanapishana na kamioneti zilizobeba kitu ambacho Mkongomani aliyefika kule juzi anakikodolea macho. Mbele kina ski mbili, katikati kiti na usukani kama wa pikipiki, na chini, badala ya magurudumu, kuna mkanda mpana wa mpira wenye meno. Wakaaji wa Quebec wanaosema Kifaransa wanakiita motoneige. Sisi tukiite pikipiki ya theluji.

Ndugu zetu wengi wamehamia kwenye miji ya baridi kama Sherbrooke huko Quebec, Portland ya Maine na Boise ya Idaho. Picha wanazotuma nyumbani zinaleta swali lile lile: ikiwa mashini ile ina injini na inakimbia, kwa nini inabebwa kama mgonjwa?

Jibu la kwanza liko ndani ya mashini yenyewe. Pikipiki ya theluji inahitaji theluji ili isiungue. Nyingi za kisasa zina injini inayopozwa na maji, na maji hayo yanapita kwenye bati za alumini zilizo juu ya mkanda, chini ya kiti. Mkanda ukizunguka unarusha theluji juu, theluji inagonga bati zile, maji yanapoa. Hata reli ambazo mkanda unateleza juu yake zimevikwa plastiki ngumu, na plastiki hiyo nayo inapozwa na theluji. Itembeze kwenye lami kavu, na baada ya muda mfupi plastiki inaanza kuyeyuka, maji yanachemka, na vyuma vya chini ya ski vinalika. Tena, sehemu nyingi sheria inaikataza kutembea kwenye barabara ya magari, isipokuwa kuvuka tu au pale iliporuhusiwa.

Kaskazini kabisa, kwa Wainuit wa Nunavut, jambo hili halipo. Vijiji vyao haviunganishwi na barabara yoyote. Mwindaji anawasha mashini mbele ya mlango wake na kuondoka, akikokota sleji yenye mizigo. Kuibeba juu ya gari ni shida ya watu wa kusini, wanaokaa mjini ambako theluji inafagiliwa na chumvi inamwagwa barabarani, na ambao njia nzuri ziko mbali na nyumba zao. Quebec peke yake ina zaidi ya kilomita 30,000 za njia zilizotengenezwa kwa ajili ya pikipiki hizi. Lazima kwanza mtu afike huko.

Mtoto wa Valcourt

Kuna kinyume cha ajabu hapa, maana mashini hii ilizaliwa kwa sababu barabara hazikuwepo. Mwaka 1934, katika kijiji cha Valcourt, fundi wa garaji aliyeitwa Joseph-Armand Bombardier alikuwa na mtoto wa kiume, Yvon, mwenye umri wa miaka miwili. Mtoto akashikwa na ugonjwa wa tumbo uliohitaji upasuaji wa haraka. Hospitali ilikuwa Sherbrooke, umbali wa kilomita zipatazo 50, na theluji ilikuwa imefunga njia zote. Baba yake alikuwa tayari anajaribu kuunda gari la kutembea juu ya theluji, lakini halikuwa tayari kutumika. Mtoto akafa.

Msomaji wa Walikale au wa Shabunda hahitaji kufafanuliwa habari hiyo. Kule ni theluji, hapa ni matope na bunduki, lakini mama aliyeshika mtoto mwenye homa akiangalia barabara iliyokatika ni yule yule.

Bombardier hakuacha. Mwaka 1937 alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake wa gurudumu la meno linalozungusha mkanda wa mpira, akaanza kuuza gari kubwa la kubeba watu saba, kisha mwaka 1942 lile la watu kumi na wawili. Magari hayo yalibeba wanafunzi, barua, wagonjwa na mapadri. Mwaka 1948 serikali ya Quebec iliamua kwamba barabara za vijijini nazo zisafishwe wakati wa baridi. Kwa wananchi ilikuwa furaha. Kwa kiwanda ilikuwa pigo, biashara ikashuka sana. Bombardier akageukia mashini ndogo ya mtu mmoja au wawili, na mwaka 1959 akatoa ile inayoitwa Ski-Doo. Moja ya kwanza alipewa padri mmisionari, Maurice Ouimet, aliyekuwa akihudumia Wahindi Wekundu wa kaskazini ya Ontario na ambaye hadi hapo alisafiri kwa kukokotwa na mbwa. Bombardier alifariki mwaka 1964, na kiwanda kingali Valcourt hadi leo.

Basi mashini iliyoundwa kwa ajili ya kijiji kisicho na barabara imekuwa mzigo wa barabarani. Na mzigo huo unaumiza watu, mara nyingi hata kabla safari haijaanza.

Mita mbili na nusu

Karoseri ya kamioneti kubwa za Marekani, ile sehemu ya nyuma ya mizigo, iko juu ya ardhi kwa karibu sentimita 90. Ili kupandisha, watu wanatumia rampa, yaani njia ya mteremko ya alumini, ambayo mara nyingi ina urefu wa mita mbili na nusu hivi. Mita hizo mbili na nusu ndizo zenye hatari kuliko kilomita mia zinazofuata.

Hapa kwetu kazi hii tunaijua kwa namna nyingine. Pikipiki ya motari inapandishwa kwenye Fuso, au kwenye boti pale bandarini, kwa ubao mmoja: vijana wawili wanasukuma, mmoja anavuta, wa nne anapiga kelele. Lakini pikipiki ya motari ina kilo mia na kidogo. Ile ya theluji ina kati ya kilo 200 na 300, na ikianza kurudi nyuma hakuna kijana wa kuizuia. Kwa hiyo wengi wanaipandisha kwa nguvu ya injini yake, mtu akiwa juu.

Balaa linakuja kwa njia mbili. Ya kwanza ni rampa kukimbia. Mkanda wa mpira unapong'ang'ania kupanda, unaisukuma rampa kurudi nyuma. Kama rampa imeegemezwa tu bila kufungwa, inachomoka kwenye mlango wa kamioneti wakati ski ziko juu na mkanda bado uko katikati. Mashini inaanguka, na mtu anaanguka chini yake. Dawa yake ni kitu cha dola chache: mnyororo au kamba inayofunga rampa kwenye mwili wa gari, kila mara, hata kama ni kupandisha kwa dakika moja.

Ya pili ni kidole gumba. Pikipiki ya kawaida unatia gazi kwa kuzungusha mkono. Ya theluji ina kijiti kidogo upande wa kulia, kinachosukumwa kwa kidole gumba, na freni iko mkono wa kushoto. Mashini ikifika mwisho wa rampa, pua inainuka halafu inaanguka ghafla ndani ya karoseri. Mwili wa dereva unatupwa, mikono inakaza usukani ili isianguke, na kidole gumba nacho kinakaza. Injini yenye nguvu kuliko ya magari mengi madogo inapokea gazi yote, na mbele yake kuna mita mbili tu na kioo cha nyuma cha kamioneti. Vioo vingi vimevunjika hivyo, na shingo pia.

Ndiyo maana wazoefu wanavaa kaske hata kwa kupandisha tu, na wanafunga mwilini ile kamba ndogo inayozima injini mtu akitupwa. Hakuna anayesimama nyuma ya rampa wala kati ya mashini na kioo. Msaidizi anasimama pembeni, anaongoza kwa mikono. Na kabla ya yote wanatafuta mahali pazuri: kamioneti inarudishwa kinyumenyume mpaka kwenye tuta la theluji lenye nusu mita, na mteremko unapungua kwa zaidi ya nusu. Tuta la theluji halina bei, na kwa maoni yangu lina faida kuliko vifaa vingi vya madukani. Wengine wanaweka winchi ya umeme, inayoivuta mashini polepole huku injini imezimwa. Inachukua dakika chache zaidi.

Hesabu ya mlango

Kamioneti inaonekana na nguvu, na hapo ndipo macho yanadanganya. Kwenye magari ya Kanada na Marekani, fungua mlango wa dereva na uangalie kwenye nguzo yake. Kuna karatasi ndogo iliyobandikwa, inayosema watu na mizigo kwa pamoja visizidi kilo ngapi. Tuchukue gari lililoandikwa kilo 700. Mtu anataka kubeba mashini mbili, na kwa kuwa kila moja ina upana wa karibu mita 1.2, mbili haziingii pamoja ndani ya karoseri. Anafunga jukwaa bapa juu yake: tuseme kilo 200. Mashini mbili zenye esansi ndani, tuseme kilo 270 kila moja: 540. Tayari ni 740 na bado hakuna mtu aliyeingia kwenye gari. Weka wanaume wanne wenye manguo ya baridi, madumu ya esansi na mifuko, unapita kilo elfu moja na mia moja.

Gari litaondoka, resori hazitakatika siku hiyo. Lakini uzito wote umekaa nyuma, pua ya gari imeinuka, taa zinawapiga macho wanaokuja mbele, na magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yanakata kona na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya freni, yanaikanyaga barafu kwa wepesi. Anayejua Hilux ya abiria ishirini ikishuka mlima wakati wa mvua anaelewa kinachofuata. Mashini moja ndani ya karoseri na watu wawili mbele, hesabu inakubali vizuri. Ukitaka mbili, nunua kamioneti nzito zaidi, au tumia remoki, ambako mashini inapanda kwa mteremko mdogo tu.

Hata hiyo moja haitoshei urefu. Mashini ina mita tatu au zaidi, karoseri fupi ina mita 1.7 na ndefu kabisa 2.4. Mlango wa nyuma unabaki wazi, na mwisho wa mkanda unalala juu yake. Mlango ule unashikwa na nyaya mbili nyembamba, haukuumbwa kupokea kilo mia mbili zinazorukaruka kwenye mashimo. Basi sukuma mashini mbele mpaka mwisho, na usifunge kitu chochote kwenye mlango wenyewe.

Kufunga kunataka kamba bapa zenye kikazio cha chuma, si kamba za katani. Mbele zinashika ski au chuma chake, zikivutwa chini na pembeni, nyuma zinashika chuma cha mwisho wa mashini, mpaka springi zake zibonyee kidogo ili isichezecheze. Kwa magari ya biashara sheria ya Marekani inataka nguvu ya kamba zote kwa pamoja iwe angalau nusu ya uzito wa mzigo, na mtu binafsi hana sababu ya kuweka chini ya hapo. Barafu iliyoganda kwenye mkanda inapigwapigwa na kuangushwa kabla ya kuondoka, kwa sababu kipande chake kikiruka kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa kinamfikia dereva wa nyuma kama jiwe. Baada ya kilomita kumi au kumi na tano dereva anasimama na kukaza tena, maana barafu iliyokuwa chini ya ski imeyeyuka au imevunjika, na kamba iliyokuwa imekazwa sasa inalegea.

Safari zenyewe zinazidi kuwa ndefu. Wakati wa baridi wa 2023 hadi 2024, joto lilikuwa lisilo la kawaida, na sehemu nyingi za Minnesota, Wisconsin na kusini ya Quebec njia zilibaki zimefungwa kwa kukosa theluji. Yamaha, waliotengeneza mashini hizi tangu miaka ya 1960, walitangaza mwaka 2023 kwamba wanaacha, na modeli ya 2025 ikawa ya mwisho. Wenye mashini majumbani wanazipandisha kwenye kamioneti na kuelekea kaskazini, saa tano, saa nane za barabara, wakitafuta mahali ambapo bado kuna cheupe.