Vinasaba vyafichua: mathenge si ndugu wa karibu wa ghaf

Mti wa miiba uliowatesa wafugaji wa Baringo umeota pia katika mchanga wa Ghuba. Wanasayansi wanachunguza vinasaba vyake ili wapate njia ya kuudhibiti bila ya kuudhuru mti wa taifa wa Umoja wa Falme za Kiarabu.

Leo tunaanzia Jumeirah Village Circle, mtaa wa makazi mjini Dubai ulio kati ya Barabara ya Al Khail na ile ya Sheikh Mohammed bin Zayed. Mtaa huu ungali unajengwa, na majengo ya ghorofa yamepakana na viwanja vitupu. Katika viwanja vya namna hii mjini Dubai, hasa pale maji ya kunyweshea bustani yanapovuja, mtu huweza kukuta kichaka cha kijani kibichi chenye miiba mikali na maua ya manjano.

Mkenya akikiona kichaka hicho atakiita mathenge. Msomali atasema garanwaa, yaani kitu kisichojulikana. Waarabu wengi wa Oman na Falme za Kiarabu huuita mti huo ghaf bahri, ghaf wa baharini, kwa kuwa ulitoka ng'ambo. Wataalamu wa mimea waliujua kwa muda mrefu kwa jina la Prosopis juliflora. Asili yake ni Amerika ya Kati, visiwa vya Karibi na kaskazini mwa Amerika ya Kusini.

Mti huo haukuja kwa bahati mbaya. Uliletwa kwa nia njema, ili kuzuia mchanga usihame na kuwapatia watu kuni na kivuli. Sudan iliupokea mwaka 1917. Nchini Kenya ulipandwa Bamburi karibu na Mombasa mwaka 1973, ili kurejesha uoto katika machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulipelekwa Baringo kwa msaada wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO.

Baada ya hapo mambo yaligeuka. Mbuzi na ng'ombe hula maganda yake matamu, na mbegu hutoka katika samadi zikiwa tayari kuota. Vichaka viliziba malisho na njia za kwendea maji. Mwaka 2006 jamii ya Wailchamus wa Baringo iliishitaki serikali katika Mahakama Kuu mjini Nairobi, na mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda hayo akafikishwa huko kama ushahidi. Mwaka 2008 Kenya iliutangaza mti huo kuwa gugu haribifu. Katika jimbo la Afar nchini Ethiopia, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kwamba miti hiyo hunywa zaidi ya mita za ujazo bilioni 3 za maji kila mwaka.

Hapa Falme za Kiarabu kuna jambo jingine la kuhofia. Ghaf wa asili, Prosopis cineraria, ulitangazwa kuwa mti wa taifa mwaka 2008, na picha yake ikawa nembo ya Mwaka wa Uvumilivu, 2019. Tangu enzi za mabedui mti huo umewapa watu kivuli na ngamia malisho. Swali likawa hili: utamwangamizaje mgeni mvamizi bila ya kumgusa mwenyeji anayebeba jina lile lile la ukoo?

Hapo ndipo elimu ya vinasaba ilipoingia. Ndani ya kila chembe ya jani mna maandishi ya urithi, DNA, na maandishi hayo hubadilika kidogo kidogo kutoka kizazi kimoja hadi kingine. Mimea miwili ikilinganishwa, wingi wa tofauti huonyesha ni tangu lini imeachana na mzazi wao wa pamoja. Mwaka 2022 kundi la wataalamu wa kimataifa lilitumia ushahidi huo kulivunja kundi zima la Prosopis na kugawa makundi manne. Ghaf umebaki na jina la Prosopis pamoja na ndugu zake wawili tu. Mathenge umehamishiwa kundi la Neltuma, na jina lake rasmi sasa ni Neltuma juliflora. Miti hii miwili inafanana, lakini njia zao zilitengana mamilioni ya miaka iliyopita.

Mabadiliko hayo si ya majina peke yake. Mojawapo ya njia za kupambana na magugu vamizi ni kuleta maadui zake wa asili. Tangu mwaka 1987 Afrika Kusini imetumia mbawakawa wanaokula mbegu za jamii ya mathenge, lakini mifugo huyawahi maganda kabla ya wadudu. Mwaka 1998 Australia iliachilia nondo mdogo wa jenasi ya Evippe, ambaye viwavi wake hushambulia majani. Mdudu aliyezoea kundi la Neltuma ana uwezekano mdogo wa kuushambulia mti ulio mbali nao kiukoo. Hata hivyo, uwezekano mdogo si hakikisho. Kabla ya kuachiliwa, mdudu wa namna hiyo lazima ajaribiwe katika karantini juu ya ghaf wenyewe, na pia juu ya migunga, ambayo ni ya jamii hiyo hiyo kubwa.

Vinasaba husaidia pia kumtambua adui. Mathenge una kromosomu 56, yaani seti nne, hali ndugu yake Neltuma pallida, anayepatikana pia Kenya, ana 28 tu. Kwa macho miti hii miwili hukanganya hata wataalamu, lakini kipimo cha maabara huitofautisha. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2021 uligundua kwamba mathenge wa Afrika Mashariki una historia yenye utata, na haukuanza na mbegu za chimbuko moja. Habari hiyo ina faida yake, kwani anayejua mti ulitoka wapi anajua pia mahali pa kutafuta maadui wake.

Chuo Kikuu cha Umoja wa Falme za Kiarabu kilichoko Al Ain nacho kilichapisha jenomu ya ghaf mwaka 2022, yaani maandishi yake yote ya urithi. Kazi hiyo inatoa msingi wa kuelewa jinsi mti huo unavyostahimili ukame na joto.

Hata hivyo, maabara haing'oi mti. Mathenge ukikatwa bila ya kushughulikiwa kisiki huchipua upya, na kila ganda linaloliwa na mifugo huweza kuwa mwanzo wa kichaka kipya. Isitoshe, wapo wanaouhitaji: nchini Kenya watu wengi hupata riziki kwa kuchoma mkaa wa mathenge.

Kwa msikilizaji aliyeko Ghuba, nasaha moja ni muhimu: usiushike msumeno kabla ya kuujua mti, kwani ghaf unalindwa na sheria. Miiba ya mathenge huota miwili miwili kwenye vifundo, pale jani linapochomoza, na maganda yake ni manene. Miiba ya ghaf ni midogo, imetawanyika kati ya vifundo, na maganda yake ni membamba. Ukiwa na shaka, iarifu manispaa.